Jeraha Likifunga, Mwili Haujapona Bado



Mtu akianguka toka juu ya mchikichi na kuvunjika mguu, kijiji kizima humkimbilia. Hawa huchukua machela, wale huleta chakula. Lakini miezi miwili ikipita na ngozi imekwisha kufunga, watu huanza kunong'ona: «Mbona halimi? Ni mvivu huyu, ama amelogwa.» Wanaonena hivyo hawajui kazi inayoendelea ndani ya mwili.

Tumtazame Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Tarehe 20 Mei 1521, alipokuwa akilinda ngome ya Pamplona katika nchi ya Hispania, risasi ya mzinga ilimvunja mguu wa kuume, na wa kushoto ukaumia pia. Waganga waliunga mifupa, naye akachukuliwa kwa machela mpaka kwao. Huko ikaonekana kwamba mifupa haikukaa mahali pake. Ikawapasa kuivunja tena na kuiunga upya, bila dawa ya kuzuia maumivu. Akadhoofika hata akapewa Sakramenti. Alipopata nafuu, mguu ulikuwa umekuwa mfupi. Alipoondoka nyumbani mwaka 1522, ulikuwa bado ukivimba jioni, naye alichechemea mpaka kufa kwake mwaka 1556.

Kwa nini ikawa hivyo? Mwenyezi Mungu ameuumba mwili ujijenge wenyewe, lakini polepole. Mfupa ukivunjika, damu huganda pale. Kisha kiungo laini huota katikati, halafu hugeuka kuwa kigumu. Mfupa wa muundi wa mtu mzima huhitaji miezi mitatu au minne, pengine zaidi, hata uweze kuchukua uzito. Tena huendelea kujitengeneza ndani miezi mingi, hata miaka. Wakati huohuo nyama ya mguu usiotumika hukonda, na goti hukakamaa. Na mfupa uliounga vibaya huacha kilema cha maisha. Si uvivu huo, wala si uchawi.

Basi tufanye nini? Kwanza, mpelekeni upesi hospitalini mfupa ukaungwe sawasawa. Msiukande wala msiuvute. Vidole vikiwa baridi au vyeusi chini ya kifungo, rudini kwa mganga siku ileile. Pili, mpeni maharage, samaki, mayai na mboga; naye aache tumbako, maana huchelewesha mfupa kuunga. Tatu, aanze kusimama na kutembea kidogo kidogo kama mganga alivyoagiza, asiharakishwe, wala asiachwe kitandani bure. Nne, mlimieni shamba lake msimu huu, na ujao pia ikihitajiwa.

Inyasi alitunzwa nyumbani kwa kaka yake muda wa miezi karibu tisa. Kama jamaa zake wangalichoka naye baada ya miezi miwili, je, angaliweza kufika Yerusalemu mwaka 1523 kwa mguu ule?

Ndugu zangu, baada ya somo hili ulizaneni: Katika kijiji chetu ni nani aliyeumia mwaka jana, ambaye hatumtembelei tena? Mwendeeni kabla ya Dominika, na jembe mkononi.