Mwaka 1994: Televisheni Ilipofika Tanzania Bara
(Hotuba iliyotolewa kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wa mwaka)



Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya televisheni. Habari hiyo ni ndefu, kwa hiyo nimechagua mwaka mmoja tu, 1994, kwa sababu ndio mwaka ambao televisheni ilianza kurushwa Tanzania Bara. Vijana wengi hapa hawaamini nikiwaambia kwamba nchi yetu ilikaa zaidi ya miaka thelathini ya Uhuru bila kituo cha televisheni upande wa Bara. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na haikuwa kwa bahati mbaya.

Tuanze mbali kidogo. Huko Uingereza, BBC ilianza matangazo ya kawaida ya televisheni mwezi Novemba 1936. Gharama zake zililipwa na wananchi wenyewe kwa ada ya leseni. Ilichukua miaka 19 hadi Septemba 1955, ndipo kituo cha pili, ITV, kilipofunguliwa kikiendeshwa kwa fedha za matangazo ya biashara. Naomba mkumbuke mpangilio huo: kwanza chombo cha umma, kisha cha biashara. Kwetu sisi mambo yalikwenda kinyume, nami nitarudi hapo.

Sasa tutazame majirani. Mkoa wetu wa Songwe unapakana na nchi mbili. Zambia, ambayo mpaka wake hapa Tunduma tunauvuka kwa miguu kwenda sokoni Nakonde, ilikuwa na televisheni Kitwe tangu 1961, kabla hata haijapata uhuru. Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, haikuwa nayo hadi 1999. Kenya ilianza 1962 na Uganda 1963. Zanzibar ilianzisha televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika bado zilikuwa na picha nyeusi na nyeupe. Hata Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilianza 1976, kwa kuwa watawala wa ubaguzi walikiogopa chombo hicho.

Kwa nini Bara ilisubiri? Serikali ya Mwalimu Nyerere ilichukua msimamo kwamba televisheni ni anasa ya watu wachache wa mijini. Redio ilifanya kazi kwa betri, ikaingia hata kwenye nyumba ya udongo huko Momba na Ileje. Televisheni ilitaka umeme, mitambo ya kurushia picha kila mkoa, na fedha za kigeni ambazo hatukuwa nazo.

Wapo wenzetu wanaosema kuwa msimamo ule ulituchelewesha. Mimi nasema tupime kwa haki. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilirusha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Walisikiliza kipindi, wakakijadili, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Sijui kituo chochote cha televisheni, hapa au Ulaya, ambacho watazamaji wake wameinuka kwenye viti wakashika majembe kwa wingi namna ile.

Hata hivyo, kila jambo lina gharama yake. Tulikosa kufundisha mafundi, wapiga picha na waandishi wa vipindi kwa kizazi kizima. Mlango ulipofunguliwa, tulianza karibu na mwanzo kabisa.

Na mlango ulifunguliwa hivi. Mwaka 1992 nchi iliingia katika mfumo wa vyama vingi. Mwaka 1993 ikapitishwa Sheria ya Huduma za Utangazaji, iliyowaruhusu watu binafsi kuanzisha redio na televisheni. Mwaka 1994 vikatokea vituo Dar es Salaam: ITV ya Bwana Reginald Mengi, DTV na CTN. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe. Televisheni ya Taifa ilikuja miaka mitano hivi baadaye.

Hapo ndipo penye somo. Kwa Waingereza umma ulitangulia na mfanyabiashara akafuata. Kwetu mfanyabiashara alitangulia. Simlaumu, alithubutu pale ambapo Serikali ilikuwa bado inafikiri, na alituletea taarifa ya habari ya Kiswahili yenye picha. Lakini chombo kinachoishi kwa matangazo ya biashara hutafuta kwanza wateja walipo, na wateja walikuwa Dar es Salaam. Sisi tuliokuwa zaidi ya kilomita 900 kutoka huko tulisubiri. Wenye uwezo walinunua madishi. Wengine walilipa kiingilio kwenye vibanda umiza, wakatazama filamu za Hong Kong na za Marekani. Watu wa Tunduma tukawajua wacheza karate kwa majina, wala hatukuona hata siku moja shamba la kahawa la Mbozi kwenye kioo.

Ndugu zangu, leo yote hayo yamebadilika. Matangazo ya dijitali yalianza kuchukua nafasi ya yale ya zamani mwishoni mwa 2012, na siku hizi televisheni imo ndani ya simu. Lakini swali la zamani halijaondoka: nani anaona, na nani anaonekana? Foleni ya malori hapa mpakani, kimondo cha Ndolezi, wazee waliojenga reli ya TAZARA, nani anayapiga picha mambo haya? Mgeni akija kuyapiga, atayasimulia kwa macho yake.

Kwa hiyo nina ombi. Nimesikia kwamba chama chetu kinakusanya michango ya kununua televisheni kubwa kwa ajili ya bwalo. Ni jambo jema, wala siipingi. Lakini naomba sehemu ya fedha hizo inunue kamera moja na kinasa sauti kizuri, na klabu ya wanafunzi ipewe kazi ya kuwarekodi wazee wa vijiji vinavyotuzunguka kwa Kinyiha, Kinyamwanga na Kiswahili. Kisha kila Ijumaa jioni bwalo zima litazame kazi hiyo pamoja na kuijadili, kama vile vikundi vya redio vya 1973.

Mwalimu Mkuu, wazee hao hawatatusubiri kama tulivyoisubiri televisheni. Nawaomba tuamue leo, kabla ya mkutano huu kufungwa.