TUSIUE MASHINE ZETU KWA OILI

Haya ni maneno tuliyoyasema Maparoni mbele ya wavuvi, wenye vyombo na madereva. Tumeombwa yachapwe ili na wale ambao hawakufika wapate kuyasoma.



Tumekuja na debe moja la oili, na juu ya debe hili ndipo tutakaposimama mpaka mwisho.

Huenda mtu akauliza: Maparoni ni visiwa, motokaa haifiki, mbona mwatuletea habari za oili ya motokaa? Jibu letu ni hili. Samaki, kamba na kaa wa maji haya huvushwa kwa mashine ya boti mpaka Nyamisati. Pale hupokelewa na motokaa, wakapita Bungu na Mkuranga mpaka Dar es Salaam. Basi riziki yetu yapanda mashine mbili, moja ya maji na moja ya bara. Moja ikifa, ya pili haina kazi. Na nyingi katika hizo si mpya. Tumezinunua zikiwa zimekwisha kutumika kwa watu wengine, kwa fedha tuliyochanga shilingi kwa shilingi.

Mto huu wenyewe wajua hasara ya mashine mbovu. Mwezi wa Septemba mwaka 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliipiga meli ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja. Baada ya hapo mashine ya Königsberg ikaharibika, ikabidi irudi kujificha humu katika Delta ya Rufiji. Karakana haikuwako. Vipande vya mashine vilikokotwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam vikatengenezwe, na waliokokota walikuwa wazee wetu. Kabla meli haijapata kutoka tena, Waingereza waliigundua wakaziba midomo ya mto. Tarehe 11 Julai 1915 ilipigwa mizinga, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Hatusemi kwamba ilikosa oili. Twasema kwamba hapa petu mashine ikifa, fundi yu mbali, na gharama ya umbali hulipwa na mabega ya watu wetu.

Sasa tuwaambieni kosa letu wenyewe, wala hatuoni haya. Tulikuwa wenzi kadhaa, tukanunua kwa shirika pikapu kuukuu ya kuchukua samaki. Mtu mmoja akatushauri: "Injini hii ni chafu ndani, ioshwe kwa mafuta ya taa." Tukamwaga oili ya zamani, tukatia mafuta ya taa, tukawasha injini. Yaliyotoka yalikuwa meusi kama lami, tukafurahi. Kisha tukatia oili nzito kuliko zote dukani, tukidhani mashine ya kizee yataka uji mzito. Tulipokaribia Mkuranga taa nyekundu ya oili ikawaka. Dereva wetu akasema ni waya tu, akaendelea. Hazikupita dakika nyingi injini ikaanza kugonga, kisha ikashika, ikanyamaza. Barafu ikayeyuka, kamba wakaoza, na shirika letu likavunjika. Siku ile tulibeba kamba. Je, kama tungalikuwa tumembeba mama mwenye uchungu wa uzazi?

Fundi alipolifungua sampo tukaona wenyewe. Mafuta ya taa yaliubandua uchafu wa miaka mingi, lakini hayakuutoa wote. Uliobaki ulikwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Pampu ikavuta isipate kitu. Beringi za krenki zikasagana chuma kwa chuma. Mafuta ya taa ni mepesi mno, hayana nguvu ya kutenga chuma na chuma. Basi tuliiua mashine kwa mkono wetu, na tulilipa fedha kwa kuiua.

KAZI YA OILI

Oili haifanyi kazi moja. Hulainisha, hupoza, huzuia kutu, na husafisha, kwa kuwa ndani yake mna dawa ya kushika masizi yasigande. Kwa hiyo oili ikigeuka nyeusi msishtuke. Katika mashine ya dizeli hugeuka nyeusi upesi sana, na hiyo ni dalili kwamba yafanya kazi. Msiipime kwa rangi, ipimeni kwa maili, kwa saa, na kwa kile kijiti cha kupimia. Lakini ikigeuka nyeupe kama tui la nazi, hapo shtukeni: maji yameingia.

KUCHAGUA

Kila debe la oili lina maandishi mawili makubwa. La kwanza ni namba za SAE, yaani chama cha mainjinia wa magari cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1905. Namba hizo zaonyesha uzito wa oili. Mkiona 15W-40, ile 15 yasema jinsi oili inavyotiririka penye baridi, na ile 40 yasema uzito wake injini inapokuwa moto. Hapa kwetu hakuna theluji, kwa hiyo 15W-40 na 20W-50 zafaa kwa mashine nyingi za zamani. Lakini motokaa nyingi za Kijapani za miaka ya karibuni zimeandikiwa 5W-30, kwa kuwa njia zake za oili ni nyembamba. Mkizitia uji mzito, oili huchelewa kufika juu asubuhi, na hapo ndipo injini huliwa. Neno la kwanza ni la kitabu cha mashine, si la mwuza duka.

Maandishi ya pili ni herufi za API. Herufi S ni ya petroli, herufi C ni ya dizeli. Herufi inayofuata yaeleza kizazi cha oili: kadiri inavyokwenda mbele katika alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya karibuni. Oili ya SA haina dawa yoyote ya kusafisha, nayo haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930. Hebu fikirini: mtu akikuuzia SA kwa bei rahisi, amekuuzia oili ya motokaa ya babu.

Tazameni pia kifuniko kama hakijafunguliwa, na alama ya TBS kama ipo. Na debe likiisha, litoboeni. Debe zima lililo tupu ni mtaji wa mwenye kughushi.

KUOSHA INJINI KUUKUU

Yafaa tuifanye kazi hii kama tunavyomlisha mgonjwa aliyeshinda njaa: kidogo kidogo. Washeni injini mpaka ipate moto, kisha izimeni na kumwaga oili yote. Badilisheni na chujio, kwa maana oili mpya juu ya chujio chafu ni maji safi katika mtungi wenye matope. Tieni oili njema iliyoandikwa kitabuni, yenye dawa ya kusafisha. Mara hii msingoje kilomita 5,000. Imwageni baada ya kilomita 1,000 au 1,500, pamoja na chujio. Rudieni mara mbili au tatu. Oili yenyewe itautoa uchafu taratibu bila kuziba njia.

Ikiwa mkifungua kifuniko cha juu mwaona matope meusi yamegandamana, basi msitie dawa ya kuoshea wala mafuta ya taa. Mwiteni fundi afungue sampo, alisafishe kwa mkono pamoja na lile chujio la pampu. Ni kazi ya siku moja, lakini siku moja ni rahisi kuliko injini. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka, zimeni hapo hapo, hata kama ni porini na usiku.

MASHINE ZA BOTI

Mashine ya nyuma ya boti ya mipigo miwili haina sampo. Oili yake huchanganywa na petroli, nayo ni oili ya namna yake, yenye maandishi TC-W3. Msitie oili ya motokaa humo. Kipimo ni cha kitabu. Kwa nyingi ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Yule akadiriaye kwa jicho, leo atachoma plagi, kesho atachoma pistoni. Ile ya mipigo minne yahesabiwa kwa saa, na nyingi hutaka oili mpya kila saa 100.

Mashine ya dizeli ikiingiwa na maji ya chumvi, msingoje kesho. Kwanza ondoeni maji yote na kuziba yalikopitia. Mwageni oili, tieni mpya ya bei nafuu, washeni kwa dakika chache bila mzigo, mwageni tena. Rudieni mpaka lile tui lisionekane, ndipo mtie oili ya kazi. Hapa kuosha ni lazima, na aoshaye huosha kwa oili.

OILI CHAFU

Ndugu, limebaki neno moja, nalo ni zito. Oili tunayomwaga huenda wapi? Wengine huimwaga mtoni. Mikoko hii hupumua kwa mizizi inayochomoza matopeni. Ikipakwa oili, pumzi huziba. Na chini ya mizizi hiyo ndiko wadogo wa kamba wanakokulia. Basi mtu humwaga oili asubuhi, na jioni hutupa wavu mahali pale pale, akalaumu bahari. Oili chafu hudhuru na ngozi, hata kuleta saratani. Wazee walipaka vyombo vyao sifa na deheni, wala mto haukufa. Oili chafu itiwe katika dumu, irudi bara pamoja na boti, iuzwe kwa wanunuzi walioko mjini.

Twaomba tuondoke hapa na mapatano matatu. Kila shirika liwe na daftari la oili: tarehe, saa au kilomita, namna ya oili, na jina la aliyeitia. Kila chombo kitenge fedha ya oili kabla ya kugawana faida. Na kila bandari iwe na dumu moja la oili chafu, lenye mtu wa kuliangalia.

Hayo hayahitaji msaada wa mtu wa mbali. Yahitaji kalamu, dumu, na watu wasemao kweli wakikosa. Sisi tumekwisha kosa, na hasara yake tumewaeleza bure.