Kisarawe Ilichonga, Wengine Wakatunza

Mwana hiti wa Wazaramo hana mikono wala miguu. Ni kiwiliwili chembamba cha mti chenye kichwa kidogo, na nywele zake zimechongwa kwa mafungu mawili. Mwali alikabidhiwa sanamu hiyo alipowekwa ndani, akaipaka mafuta na kuilea kama mtoto wake mpaka siku ya kutolewa nje. Umbo hilo hilo lilichongwa juu ya mikongojo ya wazee, kwenye viti vya wakubwa na kwenye nguzo za makaburi. Wakwere, majirani wa Wazaramo, wanalo pia.

Hatima ya sanamu kama hizo imeguswa na habari za Songea. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi huko tarehe 1 Novemba 2023 mbele ya wajukuu wa mashujaa wa vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, na kurejeshwa kwa mabaki ya wahenga na mali za kale kukaanza kuzungumzwa waziwazi. Mabaki yakirudi, ni haki. Vinyago vikirudi, ni haki. Wasiwasi uko kwingine: vinyago vya Uzaramo vikirudi, vitashukia wapi? Makumbusho ya Taifa ina matawi Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Mkoa wa Pwani, wenye Kisarawe ndani yake, hauna hata moja. Kisarawe ilichonga, wengine wakatunza.

Utunzaji huo ulianza kwa amri. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliagiza kwamba vitu vilivyokusanywa makoloni na safari zilizogharamiwa na dola vipelekwe kwanza kwenye jumba la makumbusho la Berlin. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine vilichukuliwa kwa mtutu wa bunduki. Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907, havikuwa vya Songea peke yake: vilifika Uzaramo, na Kibasila wa Kisangire alinyongwa kwa ajili hiyo. Jina lake limebaki kwenye shule ya sekondari Dar es Salaam. Dar es Salaam tena.

Waingereza nao walijenga huko huko. Jumba lao la makumbusho lilianzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa mwaka 1940, kwa kumbukumbu ya Mfalme George V. Baada ya uhuru kikaja Kijiji cha Makumbusho, mwaka 1966, kando ya Barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, ya Wazaramo ikiwamo. Tangu miaka ya 1990 jamii moja moja zimekuwa zikialikwa hapo kupika vyakula vyao, kucheza ngoma zao na kueleza mila zao kwa midomo yao wenyewe. Hiyo ni kazi nzuri, na isemwe hivyo. Hata hivyo, pale Mzaramo ni mgeni mwalikwa, tena juu ya ardhi ya Uzaramo!

Nyumba ya sanaa ikiwa karibu na watu huzaa wasanii. Ile iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt ilimwajiri George Lilanga kuwa mlinzi wa usiku. Mlinzi akashika rangi, na kazi zake zikaonyeshwa Ulaya na Marekani. Nyumba hiyo imekwisha kufungwa, lakini somo lake halijafungwa: kijana wa Maneromango au Mlandizi asiyeona kazi ya babu yake atachonga nini zaidi ya twiga wa kuuzia watalii?

Kibaha ndiyo makao makuu ya mkoa wa Pwani. Ina Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa nchi za Nordiki wa mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Walimu wapo, wanafunzi wapo, barabara kuu inapita. Haina nyumba ya kuweka mkongojo mmoja wa Kizaramo. Kisarawe ilichonga, wengine wakatunza, na mkoa ukanyamaza.

Basi halmashauri za Kibaha na Kisarawe zianze na chumba kimoja, zisingoje jumba. Wazee wa kiume na makungwi waitwe kwanza, kabla ya wahandisi, waseme kipi kinafaa kuonwa na kila jicho na kipi ni cha unyago kibaki ndani. Wachongaji walipwe kufundisha shuleni. Wenye viti na mikongojo ya mababu wasiwauzie wachuuzi! Na orodha ya vitu vya Uzaramo vilivyoko Berlin iombwe sasa hivi, kwa Kiswahili, isomwe Mzenga, isomwe Masaki, isomwe Maneromango, kabla haijafungiwa kwenye kabati la ofisi Dar es Salaam.