Kitabu Kilichofungiwa Hakifundishi Mtu
(Mazungumzo ya mkutubi mpya mbele ya vikundi vya kujisaidia)



Mmeniuliza kazi yangu ni gani hasa, maana wengine husema mkutubi hukaa tu. Haya, sikizeni. Asubuhi napangusa vumbi na kuchungulia nyuma ya rafu kama mchwa wameingia. Kisha naandika kila kitabu kwenye rejista, nakipiga muhuri na kukipa namba. Afya ni 610, kilimo ni 630. Ukizijua hizo mbili, mama, nenda moja kwa moja kwenye rafu.

Nilipofika nilikuta vitabu vimetiwa kufuli. Kamati iliogopa vitapotea. Hofu hiyo naielewa, kitabu ni pesa. Lakini ugonjwa wa kideri hauna dawa, ni chanjo tu. Mfugaji asome habari zake leo, si kuku wakishakufa! Kwa hivyo tumekubaliana: kila kikundi kichague mdhamini, aweke sahihi, akae na kitabu wiki mbili. Kikipotea, kikundi kinalipa.

Huko Garissa, mwaka 1996, maktaba ilianza kupeleka vitabu kwa wafugaji kwa ngamia. Sisi ambao vyetu viko hapa karibu na soko, tushindwe?

Siku ya soko mlango utakuwa wazi mpaka saa kumi na moja jioni. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake amsomee.