Vikapu Vitatu: Niliona, Niliambiwa, Nadhani

(Mazungumzo yaliyotolewa na mama mweka hazina wa kikundi kimoja kwenye semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Mwenyekiti amenipa nusu saa, na mnajua mimi maneno hayaniishi, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja.

Siku hizi kukitokea kesi ya mauaji ya nyumbani, habari zinafika kila mahali. Redio inasema, simu zinasema, kwenye mashine ya kusaga wanasema. Mke ameshtakiwa kwa kifo cha mume, au mume kwa kifo cha mke, au mama kwa kifo cha mtoto. Halafu sisi tunafanya nini? Sote tunageuka wapelelezi. Mkutano wa kikundi ulikuwa wa kuhesabu mchango, lakini tunamaliza saa mbili tukibishana: mbona hakulia? Mbona alifua nguo? Mbona alipiga simu kwanza kwa dada yake? Kabla ya jioni tumeshatoa hukumu, na jaji bado hajaketi.

Leo nataka niwaeleze kesi moja ya kweli, ya mbali sana, huko Australia. Baadaye nitasema jambo letu wenyewe, ambalo si rahisi kulisema.

Tarehe 17 Agosti 1980, mchungaji mmoja wa Kanisa la Waadventista Wasabato, Michael Chamberlain, alikuwa safarini na mkewe Lindy na watoto wao watatu. Walipiga kambi karibu na mwamba mkubwa unaoitwa Uluru, ambao wakati huo ulijulikana kama Ayers Rock. Mtoto mdogo, Azaria, alikuwa na umri wa wiki 9 tu. Usiku alilazwa ndani ya hema, na wazazi walikuwa karibu na jiko pamoja na wasafiri wengine. Kilio kikasikika. Mama akaenda kuangalia, akapiga kelele kwamba dingo amemchukua mtoto wake. Dingo ni mbwa wa porini wa Australia.

Watu kama 300 walitafuta usiku ule. Mtoto hakupatikana. Wiki moja baadaye nguo zake zilipatikana kilomita chache kutoka kambini, zikiwa na damu. Kikoti chake kidogo hakikuwapo. Mwili haukupatikana hata leo.

Sasa sikilizeni jinsi maneno yalivyoanza. Watu wengi wa Australia hawakuwa wanawajua Wasabato. Sisi hapa tunawajua, ni majirani zetu, Jumamosi tunaona wakienda kanisani na watoto wao. Lakini kule wakasema eti hiyo ni dini ya kutoa kafara. Wakasema eti jina Azaria maana yake ni sadaka nyikani. Wewe unayesoma Biblia, fungua Danieli sura ya kwanza. Azaria ni yule kijana aliyepewa jina la Abednego. Maana ya jina ni kwamba Bwana amesaidia. Hakuna kafara hapo. Lakini nani alikwenda kuangalia? Mmoja alisema, wa pili akaongeza chumvi, wa tatu akaapa.

Wakasema pia mama huyu alimvalisha mtoto gauni jeusi. Na wakasema, tena hili ndilo liliwaumiza zaidi, kwamba kwenye televisheni hakulia. Alijibu maswali kwa sauti kavu. Basi nchi nzima ikasema: mama asiyelia ndiye muuaji. Watu wakatengeneza hata fulana za kumtetea dingo. Mtoto amekufa, na watu wanavaa mzaha kifuani.

Hakimu wa kwanza aliyechunguza kifo hicho, mwezi Februari 1981, alisema dingo ndiye aliyemchukua mtoto. Aliruhusu uamuzi wake uonyeshwe moja kwa moja kwenye televisheni ili uvumi ukome. Haukukoma. Polisi wakaendelea kuchunguza, uchunguzi wa pili ukafanywa, na mwaka 1982 mama huyu akapelekwa mahakamani mjini Darwin kwa kosa la kumuua mtoto wake mwenyewe.

Upande wa mashtaka ulisema hivi: katika dakika chache alizotoka pale jikoni, mama alimchukua mtoto hadi kwenye gari, akamkata kwa mkasi, akaficha mwili. Ushahidi wao? Mtaalamu alisema amepata ndani ya gari damu ya mtoto mchanga, hata chini ya dashibodi imerukia kama ya kupuliziwa. Mtaalamu mwingine akasema nguo zimekatwa kwa mkasi, meno ya mnyama hayawezi kukata namna ile.

Upande wa pili kulikuwa na nini? Kulikuwa na mama mwingine, msafiri tu, aliyekuwa pale jikoni. Yeye alisema alimsikia mtoto akilia baada ya Lindy kurudi kutoka hemani. Ikiwa mtoto alilia, basi alikuwa hai. Kulikuwa na Waaborijini, wenyeji wa nchi ile, mabingwa wa kusoma nyayo, walioona alama za dingo mchangani. Na kulikuwa na mkuu wa askari wa mbuga ambaye, kabla ya msiba ule, alikuwa ameandika kuonya kwamba dingo hawaogopi watu tena na wanaweza kudhuru watoto.

Angalieni hapo. Hao walioona na kusikia wenyewe hawakusadikiwa. Waliosadikiwa ni wale waliopima kwa mashine mbali na pale. Tarehe 29 Oktoba 1982, baraza la raia 12 lilimwona mama ana hatia. Akafungwa maisha. Alikuwa mjamzito, na mwezi uliofuata alijifungua mtoto msichana akiwa mfungwa. Mtoto akachukuliwa. Baba naye alipewa kifungo cha nje kwa kusema eti alisaidia kuficha. Rufani ya kwanza ikakataliwa mwaka 1983, ya pili mwaka 1984.

Lakini kulikuwa na wapelelezi wa namna nyingine. Hawa nao walikuwa raia wa kawaida, hawana cheo cha polisi. Tofauti ni kwamba hawakuketi wakabisha. Walikwenda kuangalia. Walitafuta magari mengine ya aina ileile, wakachungulia chini ya dashibodi mahali palepale. Kumbe! Madoa yaleyale yapo. Haikuwa damu. Ilikuwa dawa ya kupunguza kelele, iliyopuliziwa gari kiwandani. Wakachukua kitambaa cha nguo kama ile, wakawapa mbwa. Meno ya mbwa yakakata kama mkasi. Haya si mambo ya chuo kikuu, ndugu zangu. Ni mambo ya kwenda na kuona.

Mapema mwaka 1986, mtalii mmoja alianguka kutoka kwenye mwamba ule akafa. Watu walipokuwa wakitafuta mwili wake, wakakiona kile kikoti kidogo cha mtoto, karibu na mapango ya dingo. Mama alikuwa amesema tangu siku ya kwanza kwamba mtoto alivaa kikoti. Hawakumwamini. Siku chache baadaye alifunguliwa, akiwa amekaa gerezani zaidi ya miaka 3. Tume ya uchunguzi ikakagua yote upya, na mwezi Septemba 1988 mahakama ikafuta hatia za wote wawili. Mwaka 1992 serikali ililipa fidia ya dola milioni 1.3 za Australia. Ndoa yao ilikuwa tayari imevunjika. Na ilikuwa tarehe 12 Juni 2012, karibu miaka 32 baada ya usiku ule, ndipo hakimu alipoandika kwenye cheti kwamba sababu ya kifo ni dingo. Akawapa wazazi pole kwa msiba wao.

Nimemaliza ya Australia. Sasa ya kwetu.

Miaka iliyopita, mwanachama mmoja wa kikundi chetu alifiwa na mumewe usiku, ndani ya nyumba. Walikuwa wawili tu na watoto waliolala. Asubuhi tulipofika tulikuta shuka na blanketi zimefuliwa na kuanikwa. Mama amekaa kwenye kigoda, macho makavu. Hakulia. Jioni ya siku ile, mimi hapa, ninayesimama mbele yenu, nilisema nikiwa kisimani: "Nani anafua usiku wa manane kama hana kitu cha kuficha?"

Nilisema mara moja tu. Yalitosha. Kesho yake yalirudi kwangu yakiwa na panga ndani yake, na mtu aliyeliona panga hilo. Wenzetu wakaacha kwenda kukesha kwake. Zamu yake ya mchango ilipofika tukairuka, tukasema tungoje tuone. Watoto wake wakaitwa majina njiani kwenda shule. Wiki mbili hazikuisha, akachukua watoto akarudi kwao.

Daktari alipotoa ripoti ya kupasua maiti, ilionekana mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Marehemu alikuwa na pressure, na hakuwa anameza dawa. Usiku ule alitapika na kuchafua kitanda. Mkewe alimfulia mumewe, kama mke yeyote anavyofanya.

Tulikwenda kwao watu watatu, tukampelekea hisa zake na zamu yake. Alizipokea, akazihesabu mbele yetu, noti kwa noti. Akasema, "Asanteni kwa kuja." Hatukupewa hata maji, na hatukustahili. Hajarudi kwenye kikundi mpaka leo.

Ndiyo maana siku hizi kikundi chetu kina desturi ya vikapu vitatu. Mtu akileta habari ya mashaka, tunamwuliza aiweke kwenye kikapu. Kikapu cha kwanza: NILIONA, au nilisikia kwa masikio yangu. Kikapu cha pili: NILIAMBIWA. Kikapu cha tatu: NADHANI. Maneno yangu kisimani yalikuwa na kitu kimoja tu cha kikapu cha kwanza: shuka zimeanikwa. Hayo mengine yote yalikuwa nadhani.

Mahakama nayo hufanya kazi namna hiyo. Hapa Kenya kesi ya mauaji husikizwa na jaji wa Mahakama Kuu. Habari za kuambiwa kwa kawaida hazikubaliwi kuwa ushahidi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Na kazi ya kuthibitisha ni ya upande wa mashtaka, si ya mshtakiwa.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi tunyamaze. Mauaji ya nyumbani yapo, na mengi hutanguliwa na kipigo ambacho majirani walisikia kupitia ukutani wakasema ni mambo ya mume na mke. Ulichokiona, kiseme, tena kiseme mahali panapofaa. Kwa hivyo:

1. Kifo cha mashaka kikitokea, msiguse kitu wala msifue wala msifagie. Fungeni mlango, mmoja alinde, mwingine akaite naibu wa chifu na polisi.

2. Aliyeona au kusikia aandike siku, saa na jambo lenyewe kabla hajazungumza na wengine. Kisha akaandikishe taarifa polisi.

3. Aliyepigwa aende hospitali kabla ya kuoga, aripoti polisi na ajaziwe fomu ya P3. Kuna simu ya bure 1195 kwa dhuluma za nyumbani, na 116 kwa watoto.

4. Ripoti ya daktari ingojwe.

5. Mtu asipigwe wala nyumba isichomwe. Jiwe halina rufani.

6. Watoto wa nyumba ile walishwe na waende shule. Hisa za mwanachama zibaki zake.

Juu ya kulia, niseme hivi tu. Kuna anayelia machozi, na kuna anayelia kwa kufua shuka usiku. Nilichelewa kulijua hilo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Chagueni habari moja ya mashaka iliyozungumzwa kijijini mwezi huu. Iwekeni kwenye vikapu vitatu. Kikapu kipi kimejaa?

2. Je, kuna mtu aliyeacha kikundi chenu kwa sababu ya maneno? Nani atakwenda kumwona?

3. Mkisikia kelele za kipigo kwa jirani usiku wa leo, nani atabisha hodi, na mtampigia nani simu?