Taa Zikiwashwa, Asiondoke Mtu

(Mazungumzo ya muuguzi mmoja na wanafunzi wa sekondari, kabla ya kuonyeshwa filamu)

Nimeambiwa leo niongee juu ya filamu. Najua baadhi yenu mmeshukuru: afadhali leo muuguzi hatusomei masharti! Haya, tutaona.

Wewe unayenisikiliza, ukisikia neno filamu unafikiri nini? Ngumi, risasi, mapenzi, au lile banda la video ambalo hutaki mzee akuone ukitoka? Sikulaumu. Lakini wapo watu wanaoipa filamu kazi nyingine. Kule Marekani, Wamarekani Weusi wana matamasha yao ya filamu. Mengine ni makubwa. Lile la Pan African la Los Angeles lilianzishwa mwaka 1992, na mmoja wa waanzilishi ni mwigizaji Danny Glover. Mengine ni madogo, ya mtaani tu, kwenye ukumbi wa kanisa au maktaba. Watu wanatazama filamu zinazohusu utamaduni wao, afya yao na haki zao. Filamu ikiisha hawakimbilii mlangoni. Taa zinawashwa, kipaza sauti kinazunguka, watu wanaulizana. Hapo ndipo penye utamu wenyewe.

Utauliza: afya inatafuta nini kwenye tamasha la utamaduni? Nikujibu kwa kisa cha kweli.

Mwaka 1932, idara ya afya ya serikali ya Marekani ilianza uchunguzi katika eneo la Tuskegee, jimbo la Alabama. Walichukuliwa wanaume weusi 600, wengi wao wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Wale wagonjwa hawakuambiwa wanaumwa nini. Waliambiwa tu kwamba wana "damu mbaya". Walipewa vipimo vya bure, chakula siku ya kupimwa, na ahadi ya gharama za mazishi. Maskini wa watu, wakaona wamepata wafadhili! Kumbe hakuna aliyekusudia kuwaponya. Walitaka kuona kaswende isiyotibiwa inamfanya nini mtu mpaka anakufa.

Pengine unasema, "Lakini enzi hizo dawa haikuwepo." Si hivyo. Kufikia mwaka 1947 penisilini ilikuwa ndiyo dawa ya kaswende. Wale wanaume hawakupewa, na ikapita miaka 25 mingine. Wengine walikufa. Baadhi ya wake zao waliambukizwa, na kuna watoto waliozaliwa na ugonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kule Tuskegee wafichaji walikuwa wengine, na waliolia wengine.

Uchunguzi ule ulikoma mwaka 1972. Mtumishi mmoja wa idara hiyo, Peter Buxtun, alikuwa amewalalamikia wakubwa zake bila kusikilizwa, ndipo akapeleka habari kwa waandishi. Mwaka 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa, mbele ya baadhi ya wazee waliokuwa bado hai.

Mwaka huohuo ikatoka filamu, Miss Evers' Boys. Inamhusu muuguzi mweusi, ameigiza Alfre Woodard. Anawapenda wagonjwa wake, nao wanamwamini, lakini anajua siri. Mimi pia ni muuguzi. Nilipoitazama mara ya kwanza sikupata usingizi. Nilijiuliza: mimi ningesema, au ningenyamaza kwa kuogopea kibarua changu? Mpaka leo sina jibu rahisi.

Sasa angalia. Filamu ni filamu. Miss Evers ametungwa kutokana na muuguzi wa kweli, Eunice Rivers, lakini si kila utakachokiona kilitokea vile. Ndiyo maana lazima tuzungumze. Kwa mfano, watu wengi husema wanaume wale walidungwa kaswende makusudi. Si kweli. Waliokuwa nayo walikuwa nayo tayari. Kosa lilikuwa kuwaficha ukweli na kuwanyima dawa. Ukweli huo ni mchungu wa kutosha, hauhitaji kuongezwa chumvi.

Kuna kijana aliwahi kuniambia, "Sista, kumbe basi hospitali si pa kuamini!" La, mdogo wangu, hapo umeligeuza somo. Watu wa Tuskegee hawakuumizwa na tiba. Waliumizwa kwa kukosa tiba. Na kelele zilizopigwa hazikwenda bure: mwaka 1974 Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti. Basi ukiwa na hofu, usiikimbie zahanati. Nenda, ila nenda na maswali.

Uliza hivi: Naumwa nini? Dawa hii ni ya nini, na niitumieje? Nisipotibiwa itakuwaje? Nani mwingine ataona majibu yangu? Muuguzi mzuri hachukii maswali. Na ukiombwa kushiriki utafiti, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kukataa pia, na ukikataa usinyimwe matibabu yako ya kawaida.

Na hiyo kaswende yenyewe usidhani ni hadithi ya mababu. Ipo. Mara nyingi huanza na kidonda kisichouma, sehemu za siri au mdomoni. Baada ya wiki chache kidonda kinapona chenyewe, na kijana anashangilia eti kapona. Wapi! Ugonjwa umejificha mwilini. Miaka ikipita unaweza kuharibu moyo, ubongo na macho, na mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Habari njema ni kwamba hupimwa kwa damu kidogo tu, na penisilini inaiponya. Mwenzi naye lazima apimwe. Kondomu inapunguza hatari, na kusubiri ni salama zaidi. Ukishapata dalili, usione aibu, njoo mapema.

Mnaweza kuwa na tamasha lenu hapa hapa shuleni. Zanzibar walianza Tamasha la Nchi za Jahazi mwaka 1998, na filamu zimekuwa zikipelekwa mpaka vijijini. Ninyi anzeni na filamu moja, ukuta mweupe na viti. Mwalikeni mganga wa zahanati, mzazi mmoja na mzee mmoja. Halafu muulizane mambo matatu: Nani alijua ukweli? Nani alinyamaza, na kwa nini? Hapa kwetu, ni nani asiyesikilizwa anapoumwa? Hilo la tatu ndilo gumu. Pengine ni yule msichana aliyeacha shule, au yule kijana anayechekwa kwa sababu anameza dawa kila siku. Msiliruke.

Haya, nimewachosha. Kaka, zima taa tuanze. Lakini tumekubaliana: zikiwashwa tena, asiondoke mtu. Swali la kwanza nalitaka kutoka kwako wewe uliyekaa nyuma kabisa.