Aliyekuuzia Gari Akitoweka, Dai Lako Halijafa

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya maendeleo. Tunayachapa ili na wale ambao hawakufika wafaidike.)

Nimeombwa nizungumze juu ya magari yaliyotumika, na hasa juu ya yule muuzaji ambaye akishapokea pesa haonekani tena. Nitasema kwa lugha ya kawaida. Mwenye kalamu na aandike.

Kwetu sisi gari si anasa. Ni pikapu ya kupeleka maziwa na mboga sokoni, ni gari la kumkimbiza mama mjamzito hospitali usiku. Kikundi kikiweka akiba miaka minne, halafu pesa zikaenda siku moja, hakipotezi gari tu. Wanachama huanza kushukiana, mweka hazina anaambiwa amekula, na mwisho kikundi kinavunjika.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama, sitakitaja jina. Walinunua pikapu kwa shilingi 480,000. Walilipa 400,000 kwa benki na 80,000 kwa simu. Wakapewa ufunguo na nakala ya logbuku, wakaambiwa mambo ya kubadilisha jina yatamalizwa wiki ijayo. Mwezi wa tatu, watu wa mnada wakaja wakalichukua gari, maana lilikuwa limewekwa rehani ya mkopo. Simu ya muuzaji ikazimwa. Pale yadi ilipokuwa, watu walikuwa wanaosha magari. Basi tuwafuate akina mama hawa hatua kwa hatua.

Muuzaji ni nani hasa?

Mara nyingi kuna watu watatu: mwenye gari aliyeandikwa, mwenye yadi, na dalali aliyewazungusha mkalijaribu gari. Huwezi kushtaki "yule kijana wa yadi". Mahakama inataka jina.

Anzeni na rekodi ya gari. Kwa nambari ya usajili, mtu yeyote anaweza kulipa ada na kupata nakala ya rekodi kutoka kwa NTSA kupitia eCitizen. Kama huna mtandao, nenda cyber au Huduma Center. Rekodi hiyo itaonyesha jina la mwenye gari. Kisheria, aliyeandikwa huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kisha tazameni pesa zilikwenda wapi. Risiti ya benki ina jina na nambari ya akaunti. Ujumbe wa malipo ya simu una jina pia. Akina mama hawa walimjua dalali kwa jina la utani tu. Jina lake la kweli lilikuwa ndani ya simu ya mweka hazina, kwenye ujumbe wa zile 80,000. Kama yadi ilikuwa na jina la biashara, ombeni rekodi kwa Msajili wa Biashara muone wenyewe ni akina nani. Halafu ulizeni chini: mwenye ploti aliyokodisha yadi, majirani, chifu wa mahali hapo.

Lakini msimlipe mtu anayejidai anaweza "kutoa" rekodi za simu za mwenzako. Hizo hazitolewi kwa mtu binafsi. Polisi wanaomchunguza mtu ndio huzipata kwa amri ya mahakama. Wala msiende kwake na vijana wenye rungu. Mtageuka kuwa washtakiwa nyinyi.

Polisi au mahakama ya madai?

Watu wengi huchanganya hapa. Kama mtu aliwadanganya tangu mwanzo, hiyo ni jinai: kujipatia pesa kwa udanganyifu. Ripotini kituoni na mchukue nambari ya OB. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu. Lakini kumfunga mtu si kurudishiwa pesa. Pesa hudaiwa kwa kesi ya madai, na njia hizi mbili zinaweza kwenda pamoja.

Dai lenu lina msingi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema muuzaji lazima awe na haki ya kuuza, na kwamba mnunuzi anapaswa kupata kitu kisicho na deni la mtu mwingine ambalo hakuambiwa. Aliyeuza gari lenye rehani na akanyamaza amevunja masharti hayo. Na msivunjike moyo eti hamkuandika mkataba. Mkishalipa na mkapokea gari, mapatano ya mdomo yanaweza kudaiwa, mradi muweze kuyathibitisha.

Ubovu wa gari ni jambo gumu zaidi. Anayefanya biashara ya magari anabanwa kuuza kitu kinachofaa kazi yake. Lakini kasoro ambayo mlipaswa kuiona mlipolikagua ni vigumu kuidai, na mtu binafsi aliyeuza gari lake habanwi kama mwenye yadi. Ndiyo maana fundi aandike ripoti kabla hamjafungua injini. Mkishatengeneza, ushahidi umekwenda na vipuri.

Kupeleka dai

Kwanza andikeni barua ya madai: tumenunua nini, lini, kwa bei gani, kasoro ni nini, tunataka nini, na siku ngapi. Ipelekeni kila mahali anapojulikana, na mbaki na nakala.

Asipojibu, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, na ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Tangu hapo imefunguliwa katika miji mingine. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Hulazimiki kuwa na wakili, na sheria inataka kesi imalizwe katika siku 60. Dai likizidi milioni moja, linakwenda kwa hakimu wa kawaida. Mnaweza kushtaki mahali mlipofanyia mapatano, si lazima mjue kwanza amehamia wapi.

Sasa, mtu asiyeonekana atapewaje samansi? Hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Mpeleka samansi akimtafuta kwa bidii akamkosa, anaapa kiapo, na mnaiomba mahakama ruhusa ya njia nyingine: kubandika kwenye makao yake ya mwisho yanayojulikana, au kutangaza gazetini. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, samansi inaweza kupelekwa kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu kwenye nambari anayoitumia. Akinyamaza baada ya hapo, mnaweza kuomba hukumu bila yeye.

Msichelewe. Dai la mkataba lina miaka sita. Miaka hupita, mashahidi huhama, na simu yenye ujumbe huanguka kwenye ndoo ya maji.

Hukumu si pesa

Niseme ukweli. Mtu anaweza kushinda na asione hata senti. Hukumu ni karatasi inayokupa nguvu, lazima uitekeleze. Mnaweza kuomba mali yake ikamatwe na kuuzwa, au aitwe aeleze ana nini, au pesa zilizoko katika akaunti yake zishikwe. Mnaona sasa faida ya ile nambari ya akaunti? Aliyelipa kwa noti mkononi hana pa kuanzia. Na kama hana kitu leo, hukumu huishi miaka 12.

Wale akina mama walimshtaki mwenye logbuku pamoja na dalali. Mwenye logbuku alikuja haraka, akasema pesa zote zilikwenda kwa dalali, lakini akaunti ya benki ilikuwa yake. Hukumu ilitoka. Wamekwisha kulipwa shilingi 290,000 kwa awamu, na bado wanafuata zilizobaki. Si ushindi wa kupigiwa ngoma. Lakini kikundi hakikuvunjika, kwa sababu kila karatasi ilisomwa mbele ya wanachama wote na hakuna aliyeweza kumnyoshea mweka hazina kidole.

Kabla ya kulipa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo:

1. Ombeni rekodi ya NTSA nyinyi wenyewe. Msikubali nakala ya muuzaji.
2. Tafuteni pia katika rejista ya rehani za mali inayohamishika, iliyoko kwa Msajili wa Biashara.
3. Linganisheni nambari ya chasisi na ya injini na zile za rekodi.
4. Pigeni picha ya kitambulisho cha anayeuza. Kama si mwenye gari, ampigie mwenye gari mbele yenu na alete idhini iliyoandikwa.
5. Lipeni kwa benki, kwa akaunti ya mwenye jina.
6. Uhamisho huanzishwa na mwenye gari kwenye akaunti yake, nanyi mnakubali kwenye yenu. Pesa za mwisho zitoke siku hiyo, si "wiki ijayo".

Muuzaji mwema hatakasirika mkiuliza haya. Anayekasirika amewajibu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Karatasi za mali ya kikundi chetu ziko wapi, na nani mwingine ana nakala?
2. Tukidhulumiwa leo, tungemtaja aliyetudhulumu kwa jina gani?
3. Ni nani kati yetu anayeweza kusimama mahakamani kwa niaba ya wenzake, na je, jambo hilo limeandikwa katika kumbukumbu za mkutano?